Nilisema Nakuja

Kazi yangu ni kuonja magemu. Kabla watu hawajapakua, mimi ndiye ninayeingiza kijiko sufuriani. Nikisema chumvi imezidi, linarudishwa jikoni. Nikisema tamu, kesho yake nchi nzima inalo. Kwa hiyo mkinikuta, mama mtu mzima na mvi zangu, nimevaa kofia ya nyaya saa nne asubuhi napigapiga mikono hewani, msidhani natoroka kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Siku hiyo nilikuwa naonja Anga Saba, gemu jipya la kampuni yetu. Zuri, sikatai. Vyombo vinapaa juu ya milima, mawingu unayagusa na yanalowesha mkono. Nahodha wa chombo changu aliitwa Faraji, mwenyeji wa kisasa kabisa. Wenyeji ndivyo tunavyowaita wale watu wanaoishi ndani ya gemu. Sisi tunaoingia na kutoka ni wageni. Basi vita vimepamba moto, nikasikia njaa.

"Nakuja, nahodha," nikasema. Nikavua kofia nikaenda zangu kantini, nikala wali maharage, nikapiga na soga kidogo.

Niliporudi nilimkuta amesimama palepale, mkono kwenye kitasa cha mlango. Nyuma yake taa nyekundu zinawaka na kuzima, chombo kinaelekea mlimani, na wafanyakazi wote wamesimama wima wamenitolea macho.

"Umekuja," akasema Faraji. "Tulikuwa tunakusubiri."

"Jamani! Ndiyo mgande hivyo? Mlima huo hapo mbele!"

"Ulisema unakuja."

Nilitoka mle ndani nimefura. Nikamwendea Lusajo, fundi mitambo wetu, kijana ninayefanya naye kazi tangu kampuni ikiwa chumba kimoja na choo cha nje.

"Hawa wenyeji wenu wapya wana nini? Namwambia mtu nakuja, anasimama kama nguzo ya umeme mpaka nirudi!"

Lusajo alicheka mpaka akavua miwani. "Dada Tumpale, hao wamefundishwa Kiswahili kilichofuliwa kikapigwa pasi. Ukiwaambia unakuja, wanajua unakuja. Sheria inatubana siku hizi, hatuwaachi wajifunzie kwa wageni."

"Na wale wa zamani?"

"Wale tuliwafundisha wenyewe, utotoni. Si unakumbuka matusi tuliyokuwa tunawamwagia?"

Nilikumbuka, tena si matusi peke yake. Nilikumbuka Vilima vya Asali, gemu nililocheza kuanzia darasa la tano mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Halikuwa na vita wala vyombo vya kupaa. Ulikuwa unafika kwenye bonde, unapewa mbuzi, unachunga, unajenga, unapika. Kila mtoto alikuwa na bonde lake, na wenyeji wa bonde hilo walianza na akili ndogo tu, halafu wakawa wanajifunza kwako: maneno yako, utani wako, hata kununa kwako. Na bonde halikuzimwa ukizima kishikwambi chako. Liliendelea kwenye ghala la mitambo huko liliko, mvua inanyesha, mbuzi wanazaa. Mwenyeji wangu aliitwa Shangazi Sikitu, alikuwa na kibanda cha chai. Ghafla nikataka kumwona.

Jumamosi nikaenda Uyole kwa mama. Mama yangu amezeeka lakini shamba lake la viazi analilima mwenyewe, na akikuona umekaa tu anakupa kisu umenye kitu. Nikamwambia nina kazi ya ofisi, nikajifungia kile chumba changu cha zamani, nikavaa kofia, nikatafuta Vilima vya Asali kwa jina langu. Lilikuwepo.

Badala ya bonde, yakatokea maandishi:

*Mgeni Tumpale Mwakyoma. Bonde lako limefungwa kwa uchunguzi. Mwenyeji mmoja ameonekana yumo katika kusubiri kusiko na mwisho. Utaitwa.*

Nikayasoma tena. Kusubiri nini? Kumsubiri nani?

"Tumpale!" mama akaita kutoka jikoni. "Chakula!"

"Nakuja, mama!"

"Nakuja yako hiyo naijua tangu uko darasa la tano!"

Sikwenda. Nilikaa pale na kofia magotini, naogopa, wala sijui naogopa nini. Nilipotoka mama alikuwa amekwisha kula peke yake. Sahani yangu ameifunika kwa sahani nyingine, yeye yuko shambani.

*

Aliyeniita alikuwa mkaguzi wa wenyeji, Bwana Shekalaghe. Alikulia Uswidi, Kiswahili alikipata kwa baba yake na vitabuni, akakitunza vizuri, kila neno limekaa mahali pake. Nilikwenda ofisini kwake nimejiandaa kugomba. Akanivuruga kwa upole wake. Alininyanyukia, akanimiminia chai mwenyewe, akaniuliza habari za mama. Utagombana vipi na mtu wa hivyo?

"Bi Tumpale," akasema, "ulipotaka kuingia, kisomaji chetu kilipitia kumbukumbu za bonde lako. Ndivyo sheria inavyotaka mgeni akirudi baada ya muda mrefu. Naomba utazame."

Akawasha ukuta. Nikamwona Shangazi Sikitu amekaa kwenye benchi mbele ya kibanda chake, ungo magotini, uso ameuelekeza kwenye njia. Njia ileile niliyokuwa nikitokea. Bwana Shekalaghe akasukuma picha mbele: msimu mwingine, kanga nyingine, benchi lilelile. Akasukuma tena. Mvua zimekuja zimekwenda, mti umekua umekatwa, na mama wa watu yuko pale, siku baada ya siku, macho njiani.

"Na hili ndilo neno lako la mwisho kwake," akasema.

Ikasikika sauti ya mtoto, kali na ya haraka. Sauti yangu. *Nakuja!*

Basi.

Chini ya ukuta kisomaji kilikuwa kimeandika tafsiri yake: *Ahadi ya kurejea mara moja. Haikutimizwa. Mwenyeji anasubiri kwa miaka ishirini na sita.*

Nikaweka kikombe chini. Akilini nikamwona Faraji na mkono wake kwenye kitasa. Yeye nilimwacha kwa sahani moja ya wali nikamkuta ameganda. Huyu nilimwacha nikiwa mtoto wa sare za shule, sasa natafuta miwani ya kusomea.

"Mtafanya nini?" nikauliza.

"Sheria hairuhusu mwenyeji aachwe kwenye mateso. Kisomaji kimependekeza alazwe. Yeye na bonde lake. Siku ya Ijumaa."

Kulazwa! Kwetu mtu akilazwa unampelekea uji kwenye chupa, unamsalimia nesi, unajua atatoka. Huku kwa wenyeji anayelazwa hatoki. Wanamzima taratibu, wanasema ni huruma, halafu mitambo yake wanapewa wengine.

"Ana namna yoyote ya kupona?"

"Aulizwe mwenyewe. Hiyo ni haki yake, na mimi hupenda kuuliza kuliko kusoma. Akisema hasubiri, na nikaridhika kuwa ni kweli, bonde litabaki na utaruhusiwa kuingia. Akisema anasubiri, sitaweza kumwacha vile. Wewe ndiye mgeni wake, kwa hiyo sheria inataka uwepo. Utatangulia kumsalimu. Salamu tu, Bi Tumpale. Nakuomba usimfundishe jibu."

Ziara ilipangwa ifanyikie kwetu, kwenye chumba cha kuonjea, kwa sababu mitambo ya zamani ilikuwa imerithiwa na kampuni yetu. Na mshika mitambo alikuwa Lusajo. Alinisubiri koridoni.

"Dada, nisikilize," akanong'ona. "Ukiingia, nitaziba masikio ya mkaguzi kidogo. Nitasema mtambo mzee umekohoa. Wewe mwambie tu shangazi: ukiulizwa, sema husubiri. Maneno mawili. Anakupenda, atasema."

"Na kama anasubiri kweli?"

"Ndiyo maana nakwambia umfundishe."

"Lusajo, we! Kama anasubiri kweli, nikamfundisha aseme hasubiri, nitakuwa nimemwokoa au nimempigilia misumari kwenye lile benchi? Akae tena miaka mingapi, anatazama njia, na hawezi hata kusema, kwa sababu mimi nimemkataza?"

Lusajo akakuna kichwa. "Lakini atakuwepo."

Hapo ndipo nilipoumia. Atakuwepo. Mimi nilimtaka awepo, na kwa siku zote zile kabla ya Ijumaa sikulala vizuri, nikijiuliza kama namtaka awepo kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikimwombea jibu la uongo, najiombea mimi. Nikinyamaza, huenda namuua kwa ukimya. Nilimchukia yule mtoto wa kwenye ukuta na sauti yake kali. Si angesema kwaheri tu, kenge yule!

*

Kofia za siku hizi zinachukua sura yako kama ilivyo, kwa hiyo niliingia Vilima vya Asali na mvi zangu na mwili wangu wa utu uzima. Bonde lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Nyasi zake zilichorwa kwa brashi pana za zamani, na mawingu matatu yaleyale yalikuwa yanazunguka. Lakini harufu ya tangawizi ilinipiga puani nikawa karibu kulia, maana magemu ya zamani hayana harufu. Ni kichwa changu tu kilichoileta.

Shangazi Sikitu alikuwa kwenye benchi, anachambua maharage kwenye ungo. Uso njiani. Akanitazama nikipanda mpaka nikafika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marah... ngoja kwanza." Akaweka mkono juu ya macho kukinga jua. "Wewe ni Tumpale au mama yake?"

"Ni mimi, shangazi."

"Mvi hizo umezitoa wapi? Mimi niko vilevile. Nikiitikia marahaba kwa mtu mzima kama wewe, si mbuzi watanicheka?"

"Itikia tu."

"Haya, marahaba. Mbona umenenepa hivyo? Unakula vizuri huko." Akasogea, akapigapiga benchi. "Kaa."

Nikakaa. Sikioni nikamsikia Lusajo, haraka haraka: "Nimeziba. Hasikii kitu. Sema sasa."

Nikafungua mdomo. Shangazi alikuwa anatupa kokoto moja, anachambua, anatupa nyingine. Vidole vyake nilivikumbuka. Maneno mawili tu, nikajiambia. *Sema husubiri.* Kisha nikamwona amekaa hapa keshokutwa na mtondo, na mdomo nimemfunga mimi.

"Shangazi."

"Mm?"

"Haya maharage ni ya aina gani?"

"Ya kuliwa," akasema. "Maswali gani hayo?"

"Zibua, Lusajo," nikanong'ona, na nikamsikia akisonya kule mbali.

Mara Bwana Shekalaghe akatokea njiani na suti yake. Akapiga hodi mahali ambapo hakuna mlango wala uzio, nami pamoja na hofu yote nikampenda kwa hilo.

"Karibu, baba, pita," akasema shangazi. "Kaa huku kwetu. Usikae pale kivulini, utaganda."

Akakaa upande wa pili wake. Tukawa watatu kwenye benchi moja, shangazi katikati na ungo wake, kama watu waliokwenda kupima malaria. Bwana Shekalaghe akajieleza yeye ni nani na amekuja kwa shughuli gani. Hakumficha kitu: akamwambia kuna kisomaji, kimesema anateseka, na kwamba jibu lake leo ndilo litakaloamua kama bonde litabaki au litalazwa. Shangazi alisikiliza huku akiendelea kuchambua.

"Swali la kwanza," akasema mkaguzi. "Kwa nini unakaa hapa kila siku?"

"Jua."

"Naomba useme tena?"

"Jua, baba. Naota jua. Mliotengeneza huko mlilitundika mkasahau kulisogeza. Kibanda changu chote kina kivuli tangu kiumbwe, baridi mpaka kwenye mifupa. Penye jua ni hapa kwenye benchi tu. Ungekaa wapi wewe?"

Bwana Shekalaghe akatazama juu. Na mimi nikatazama. Kweli, lile jua lilikuwa limekaa pembeni kidogo ya paa, palepale lilipokuwa nikiwa mtoto. Nilicheza miaka ile yote na sikuwahi kuona.

"Lakini unatazama njia," akasema.

"Nikikaa kuipa mgongo njia, jua litanipiga mgongoni. Nachambuaje maharage gizani?"

Nikaanza kupata matumaini, nikajizuia. Swali lenyewe lilikuwa bado.

"Huyu Tumpale," akasema mkaguzi polepole, "alipoondoka alisema anakuja. Ulimsubiri?"

Shangazi akaacha kuchambua. Akanitazama, na sikuweza kumtazama.

"Nilimsubiri," akasema. "Siwezi kukudanganya. Nilikuwa nimemmiminia chai, kikombe chake kile cha bati. Nikakiweka hapa. Nikasubiri mpaka chai ikapoa."

Nilifumba macho. Basi, nikasema moyoni. Imekwisha.

"Halafu?" akauliza Bwana Shekalaghe.

"Halafu nini?"

"Chai ilipopoa."

"Nikainywa. Ningeimwaga, na sukari yote ile?"

Bwana Shekalaghe alikohoa. Niliona anahangaika, maskini, kwa sababu alikuwa mtu mwema na swali lililobaki lilikuwa zito. "Bi Sikitu, kisomaji kinataka neno moja. Sasa hivi, leo, bado unasubiri? Ndiyo au hapana. Tafadhali fikiri kabla ya..."

"Mbuzi hao!" shangazi akaruka. Kule chini mbuzi wawili walikuwa wameingia kwenye mahindi. Akanitupia ungo mapajani, akajifunga kanga kiunoni. "Washenzi hawa! Ngojeni, nakuja!"

Akateremka mbio, anawatukana mbuzi kwa maneno ambayo, naapa, niliyasema mimi nikiwa darasa la sita.

Tukabaki na benchi. Bwana Shekalaghe aliweka mikono magotini, akangoja. Mbuzi wakatolewa. Tukamwona shangazi kule chini anazungumza na jirani yake, wanacheka, mara wanashika njia ya kisimani. Wakapotea nyuma ya kilima.

"Amekwenda," akasema mkaguzi.

"Amekwenda."

"Lakini alisema anakuja."

"Alisema."

"Anakuja kutoka wapi? Alikuwa hapa." Akageuka akanitazama. "Hakujibu swali. Swali la uhai wake. Bi Tumpale, anakuja au haji?"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Kilianzia tumboni nikajitahidi kukibana, wapi, kikanishinda. Nilicheka mpaka maharage yakaanza kumwagika kwenye ungo, na machozi yakawa yananitoka pamoja nacho, na sikujali. Alijua! Mama huyu alikuwa anajua siku zote. Nilikuwa nimemwonea huruma wiki nzima bure.

"Samahani," nikasema. "Samahani, Bwana Shekalaghe. Sikumfundisha, haki ya Mungu. Lakini si umemsikia? Ametuambia *nakuja*."

"Kwa hiyo nakuja maana yake ni kwaheri?"

"Hapana. Kwaheri ni kubwa, mtu atainuka akupe mkono." Nikafikiri, maana sijawahi kuulizwa. Neno ninalolisema kila siku, sijawahi kulipindua nione chini yake. "Nakuja ni kusema usinifungie mlango. Lakini chakula, kuleni."

Jua la shangazi lilikuwa linatuangazia vizuri wote wawili, na niliona mabega ya mkaguzi yanashuka.

"Baba yangu," akasema, "alikuwa akitoka nyumbani anasema nakuja. Kule Uswidi. Mama yangu alikuwa anasimama dirishani." Akatikisa kichwa. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. "Nimesubirishwa na mtu ninayetakiwa kuthibitisha kwamba anasubiri."

"Ndiyo hivyo."

Akagusa hewa, akaita kisomaji, akasema kwa sauti kavu ya kikazi: "Andika. Mwenyeji hasubiri. Anasubirisha. Bonde libaki, lifunguliwe kwa mgeni wake. Na mtu atazame suala la jua."

"Wasilisogeze!" nikasema. "Atakaa wapi?"

"Futa hilo la jua."

Akasimama, akakung'uta suti isiyo na vumbi. Akanipa mkono, akaanza kuteremka. Katikati ya njia akageuka.

"Basi, Bi Tumpale," akasema kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Mimi nakuja."

"Haya!" nikamjibu. Sijamwona tena mpaka leo.

Shangazi alirudi baadaye sana na ndoo kichwani. Akanikuta nimemaliza maharage yote.

"Bado upo?"

"Si ulisema unakuja?"

"Wee! Na wewe ukaamini?" Akatua ndoo, akashika kiuno. "Mtu uliyenifundisha mwenyewe? Mama yako alikuwa anakuita huko kwenu, naisikia sauti yake, Tumpale, Tumpale, unamwambia nakuja, nakuja, na huku unanisaidia kukamata mbuzi mpaka anachoka kuita. Siku uliyoniambia mimi, nikasema haya, leo zamu yangu."

Nikamkumbatia. Magemu ya zamani hayana mguso, mikono yangu haikuhisi kitu, lakini nilimkumbatia hivyohivyo, na Lusajo sikioni alikuwa analia kama mtoto, huku akijifanya ana mafua.

*

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Uyole, chumbani kwangu, kofia kichwani. Anga Saba nilikuwa nimekwisha kulirudisha jikoni na maelezo: *wenyeji wakae na watu kwanza.* Sasa nilikuwa napumzika. Shangazi yuko kwenye benchi lake, mimi nimeshika mbuzi mmoja masikio, mwingine ananitoroka.

"Tumpale!" Sauti ya mama, kutoka jikoni. "Chakula!"

"Nakuja, mama!" nikajibu, nikamrukia yule mbuzi.

Shangazi Sikitu akaacha kuchambua.

"Huyo anayeita," akasema, "ana mbuzi?"

"Nani, mama? Hana."

"Jirani wa kwenda naye kisimani?"

Nikamwachia mbuzi masikio. "Alihama."

"Basi nenda."

"Shangazi, namalizia tu huyu..."

"Tumpale. Mimi nina jua. Nenda."

Nikavua kofia.

Mama alikuwa amesimama mezani, amekwisha kupakua, sahani ya pili tayari mkononi anataka kuifunikia yangu. Akasikia miguu, akageuka. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, nimesimama mlangoni, ugali bado unatoa moshi. Akaweka sahani chini taratibu, akanisogelea, akanishika paji la uso kwa kiganja chake chenye udongo wa viazi.

"Mwanangu," akasema, "unaumwa?"